Mionzi iliyoingia mwilini hutolewaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mie nafanya kazi chumba cha picha, hapa Unguja, na haipiti wiki bila ya mgonjwa kuniuliza: "Sasa hii mionzi yenu naitoaje?" Wengine huuliza shati bado wanalifunga vifungo. Siku hizi kuna na sauti inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, inasema supu ya mwani hutoa kila aina ya mionzi kwa siku 3. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, ndipo nikayakusanya hapa. Nimeanza na ninayoulizwa sana, ambayo si lazima yawe ndiyo yenye uzito.

Nimepigwa eksirei. Mionzi iliyobaki mwilini naitoaje?

Haikubaki. Eksirei ni kama taa: ukiizima mwanga umekwisha, na hakuna anayetoka chumbani na mwanga mfukoni. Sitiskani ni hivyo hivyo, ingawa yenyewe hutumia mionzi mingi zaidi. Maziwa hayahitajiki, wala dafu. Dafu ukitaka kunywa, kunywa kwa utamu wake.

Anayetaka ushahidi wa nyumbani aulize habari za mbung'o. Kati ya 1994 na 1997 Unguja ilimwagiwa mbung'o madume kwa ndege, wiki baada ya wiki. Walikuwa wakizalishwa Tanga, wanapigwa mionzi ya gama mpaka wanakuwa tasa, kisha wanaletwa kushindana na madume wa porini. Jike akikutana na dume tasa hapati kizazi. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa kimesafika. Wadudu kwa mamilioni walitua Jozani na mashambani kwetu baada ya kupigwa mionzi, na hakuna hata mmoja aliyeileta. Iliwapita, haikukaa.

Basi "kuingia mwilini" ndiyo nini?

Ni pale kitu chenyewe kinachotoa mionzi kinapoingia: vumbi umelivuta puani, maji umeyanywa, chakula umekila, au unga umepenya kwenye kidonda kibichi. Hapo taa imemezwa ikiwa inawaka, na wewe huna swichi.

Kisa ninachokisimulia kila mara ni cha Goiânia, Brazil, Septemba 1987. Wakusanya vyuma chakavu waliingia kwenye kliniki ya mionzi iliyohamwa, wakang'oa sehemu ya mashine ya kutibia saratani, wakaiuza. Ndani mlikuwa na siziamu-137, unga unaong'ara kwa rangi ya buluu gizani. Watu wakaupenda. Wakagawiana ndugu na majirani, wengine wakajipaka mwilini kama pambo la harusi. Mtoto wa kike wa miaka 6 aliuchezea, kisha akala kwa mikono ile ile. Alikufa, na wengine 3 wakafa. Watu wapatao 112,000 walipimwa, 249 wakakutwa na siziamu juu ya ngozi au ndani ya mwili, na 46 wakapewa dawa ya kuitoa. Dawa hiyo nitaieleza chini. Sisi tunaokula kwa mkono tunakielewa kisa hiki bila ya mkalimani.

Mwili wenyewe hauwezi kuitoa?

Huitoa, lakini kila kitu na mwendo wake. Kuna saa mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni ya kitu chenyewe, yaani muda ambao nusu ya mionzi yake huwa imekwisha, na wataalamu huuita nusu-maisha. Iodini-131 ni siku 8. Siziamu-137 ni miaka 30. Saa ya pili ni ya mwili: muda unaouchukua kutoa nusu ya kile ulichokipokea. Siziamu ile ile ya miaka 30, mtu mzima hutoa nusu yake kwa mkojo na choo katika siku kama 110. Plutoniamu ikishakaa kwenye mifupa na ini hukaa miongo.

Na kuna jambo ambalo mie binafsi naliona ndilo kiini cha habari yote. Mwili haunusi mionzi. Unatazama sura. Siziamu ina sura ya potasiamu, basi misuli huipokea kama ya kwao. Strontiamu ina sura ya kalsiamu, mifupa ikaikaribisha. Iodini yenye mionzi na isiyo na mionzi ni pacha, na tezi ya shingoni haijui kuwatenganisha. Dawa nyingi za kutolea vitu hivi hutumia udhaifu huo huo: kuiwahi nafasi kabla mgeni hajakaa, au kumdaka akiwa bado njiani.

Kwa hiyo hakuna dawa moja ya kutoa zote?

Hakuna. Atakayekuuzia chupa moja ya "kusafisha mionzi" muulize inasafisha ipi, kisha mtazame anavyobabaika. Inayotoa siziamu haina habari na plutoniamu. Inayozuia iodini haiigusi strontiamu.

Ndiyo maana daktari anayejua kazi hii huanza na kuuliza: kimeingia nini, kwa njia gani, na saa ngapi? Pamba hupitishwa puani, kila tundu na pamba yake, mapema kabla mtu hajapenga wala kuoga, ili ijulikane kama amevuta vumbi. Baadaye hukusanywa mkojo wa siku nzima, na choo pia. Ziko na mashine za kupima mwili mzima, unakaa au unalala mbele yake na inahesabu kinachotoka ndani yako. Vipimo hivi havina raha, lakini bila ya hivyo dawa inatolewa kwa kubahatisha.

Vidonge vya iodini vinafanya nini hasa?

Havitoi kitu. Vinaziba nafasi. Tezi ikishashiba iodini safi, ile yenye mionzi ikija inakuta viti vimejaa na inatoka kwa mkojo. Dozi ya iodidi ya potasiamu ni miligramu 130 kwa mtu mzima na kijana aliyepita miaka 12, 65 kwa mtoto wa miaka 3 hadi 12, 32 kwa wa mwezi 1 hadi miaka 3, na 16 kwa kichanga ambaye hajatimiza mwezi.

Saa ndiyo kila kitu. Hunywewa muda usiozidi saa 24 kabla ya iodini ya mionzi kufika, au ndani ya saa 2 baada yake. Hata ikichelewa mpaka saa 8 baada yake bado ina faida. Ukiichelewesha zaidi ya siku nzima, madhara yanaweza kuzidi faida, kwa sababu utaifungia ndani ile ambayo tezi imeshaichukua. Wanaofaidika zaidi ni watoto na mama wajawazito, na aliyevuka miaka 40 faida yake ni ndogo. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, ya 1986, Poland iliwanywesha iodini watoto zaidi ya milioni 10 kwa siku chache tu. Sehemu ambazo watoto waliendelea kunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yenye iodini ya mionzi, saratani ya tezi iliongezeka sana miaka iliyofuata.

Na dhidi ya siziamu, urani au "mionzi kwa jumla", kidonge hiki hakifanyi lolote.

Chumvi yenye iodini haitoshi?

Tupige hesabu. Kidonge cha miligramu 130 kina iodini kama miligramu 100. Kama kilo moja ya chumvi imetiwa miligramu 40, itabidi ule kilo 2 na nusu. Utakufa kwa chumvi kabla tezi haijashiba. Machi 2011, baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, watu huko China waligombania chumvi madukani mpaka rafu zikabaki tupu, kwa uvumi huu huu.

Iodini ya kupaka vidonda ndiyo usiiguse kabisa kwa kunywa. Ni sumu.

Hiyo dawa ya buluu nayoisikia ndiyo ipi?

Inaitwa buluu ya Prusia, rangi iliyovumbuliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 na kutumiwa na wachoraji. Leo hutengenezwa kwa kiwango cha dawa, ndani ya vidonge, na kazi yake ni kutoa siziamu na thaliamu.

Inavyofanya kazi ni jambo la kupendeza. Siziamu haitulii kwenye misuli. Huzunguka: inamiminika utumboni pamoja na nyongo, kisha utumbo unainyonya tena, na mzunguko unaendelea. Buluu hii haiingii kwenye damu. Inakaa utumboni kama mvuvi aliyetega dema kwenye mkondo, siziamu ikipita inanaswa, inatoka na choo. Zile siku 110 zikashuka hadi kama 30. Mtu mzima kwa kawaida hupewa gramu 3 mara 3 kwa siku, kwa wiki kadhaa na zaidi. Choo hutoka cha buluu, usishituke. Inaweza kukufungia choo na kuteremsha potasiamu ya damu, kwa hiyo lazima upimwe.

Aliyeniuliza hasa alikuwa bibi mmoja wa Ng'ambo: "Mwanangu, ni ile ninayotilia kanzu za babu yako?" Siyo, bibi. Buluu ya kufulia siku hizi mara nyingi ni rangi nyingine kabisa, na hata ingekuwa ndiyo, haikutengenezwa kumezwa. Ibaki kwenye beseni.

Na plutoniamu?

Hiyo na amerisiamu, metali nyingine ya mionzi, hutolewa kwa DTPA, dawa ya sindano ya mshipani, gramu 1 kwa siku kwa mtu mzima. Huishika metali ndani ya damu na kutoka nayo kwa mkojo. Ipo ya kalsiamu na ya zinki. Ya kalsiamu ina nguvu zaidi siku ya kwanza, lakini huiba zinki ya mwili, kwa hiyo baadaye hutumika ile ya zinki. Kwa urani haifai, maana huhofiwa kuzidishia figo mzigo.

Mwaka 1976, kituo cha nyuklia cha Hanford, Marekani, kemikali zililipuka na Harold McCluskey, mzee wa miaka 64, akaingiwa na amerisiamu usoni na mapafuni kwa kiwango kikubwa mno. Alichomwa DTPA kwa miaka. Alifariki 1987, kwa maradhi ya moyo.

Vitu vingine?

Tritiamu ni aina ya hidrojeni, na mwilini hukaa kama maji, basi dawa yake ni maji: kunywa lita 3 au 4 kwa siku, kwa usimamizi, ili yatoke haraka. Urani hutolewa kwa kuufanya mkojo upungue ukali kwa bikaboneti, hofu kubwa ikiwa ni figo. Poloniamu-210, iliyomuua Alexander Litvinenko, jasusi wa zamani wa Urusi, London Novemba 2006, ni ngumu. Zipo dawa za kushika metali zinazojaribiwa, ila yeye ilijulikana amelishwa nini akiwa amebakiwa na saa chache tu.

Turudi kwenye mwani. Ni uongo mtupu?

Uongo wenye chembe ya ukweli ndani yake, na huo ndio unaosafiri mbali.

Ukweli ni huu. Mwani wa rangi ya kahawia una kitu kinachoitwa alginati, na tangu miaka ya 1960 imejulikana kwamba alginati ikiwa utumboni pamoja na strontiamu huishika, ikaizuia isiingie kwenye damu. Sasa tizama kinacholimwa Paje, Jambiani na Bwejuu tangu mwaka 1989: spinosamu na kotonii. Hao ni mwani wekundu. Hutoa karajinani, ile inayogandisha aiskrimu na dawa ya meno, si alginati. Halafu hata huo wa kahawia ungeuchemsha, unafanya kazi pale tu strontiamu ingali utumboni. Ikishafika mfupani, supu haitaifuata huko.

Iodini ya kwenye mwani nayo haina kipimo. Mkungu mmoja na mwingine hawalingani, na mwenye maradhi ya tezi anaweza kujiharibia. Mama zangu wa Paje, biashara yenu naiombea heri na sabuni yenu ya mwani naikogea. Ila sauti ile kwenye simu haikutoka kwa mtaalamu.

Chuku, habasoda, mkaa, udongo, kombe?

Chuku hutoa damu kidogo ya chini ya ngozi. Siziamu iko misulini na strontiamu mifupani. Na kama ngozi ina vumbi la mionzi, kuichanja ni kulifungulia mlango.

Mkaa wa dawa husaidia kwa sumu kadhaa, lakini metali hizi haishiki vya kutosha. Habasoda kula kama ulivyokuwa ukila.

Udongo una kichekesho chake: baada ya Chernobyl, mifugo ya Ulaya ilichanganyiwa udongo aina ya bentonaiti kwenye malisho ili siziamu isiingie kwenye maziwa na nyama. Kwa hiyo aliyeniambia "udongo unanasa" hakukosea. Lakini ule wanaoutafuna wajawazito, ambao bara wanauita pemba na Wapemba wanakasirika, haujapimwa una nini ndani, na hauwezi kuchukua nafasi ya dawa.

Kombe ni imani yako na Mola wako. Kunywa, kisha twende hospitali.

Nimetoka Dar, nimemezeshwa iodini ya mionzi kwa ajili ya tezi. Nawatoleaje watu wa nyumbani hatari hii?

Hili ndilo swali la kweli kwetu, maana Wazanzibari wengi watakaowahi kuwa na kitu cha mionzi ndani ya mwili watakuwa wamekipata kama tiba, Ocean Road au hospitali nyingine. Na jibu la kwanza: usitafute dawa ya kuitoa. Imewekwa ifanye kazi. Ukimeza vidonge vya iodini au supu ya mwani unaiharibu tiba uliyoifuata ng'ambo ya bahari. Wenye saratani ya tezi huambiwa kabla ya tiba wakae wiki moja au mbili bila ya vyakula vyenye iodini nyingi. Kwa mtu wa Kizimkazi hiyo ni adhabu: bila ya pweza, bila ya dagaa.

Mama yangu mdogo alikuwa na tezi iliyokwenda mbio, mikono ikimtetemeka hata kikombe cha chai kinamwagika. Alitarajia mashine kubwa. Alipewa kidonge kimoja na glasi ya maji. Aliporudi alikaa pembe ya baraza juu ya mkeka wake peke yake, na mjukuu wa miaka 4 akawa anamrushia mpira kutoka mlangoni, naye anaurudisha kwa mguu. Kikombe chake alikifunga uzi mwekundu ili kisichanganywe. Siku ya kwanza alilia. Siku ya tatu alikuwa anadai faulo.

Sehemu kubwa ya iodini ambayo tezi haikuichukua hutoka kwa mkojo katika siku 2 za mwanzo. Basi kunywa maji, nenda haja mara kwa mara, kaa chini hata kama ni mwanamume, mwaga maji mara mbili (kama choo ni cha ndoo, ndoo mbili), na osha mikono vizuri. Lala peke yako, na watoto na wajawazito wawe mbali kwa siku ulizoandikiwa. Kama tezi za mate zinauma, mumunya pipi ya ndimu kwa kadiri daktari atakavyokuelekeza. Anayenyonyesha huacha kabla ya tiba na hamrudishii ziwa mtoto huyo. Mimba isubiri angalau miezi 6. Safari ya boti iulizie kabla hujatoka hospitali: kukaa bega kwa bega na mama mwenye mimba saa 2 si jambo la kulifanya, na wa Pemba ana safari ndefu zaidi. Karatasi ya hospitali ikitofautiana na haya niliyoandika, ifuate karatasi.

Ni Ramadhani, na nimeambiwa ninywe maji mengi.

Mgonjwa ana ruhusa, atalipa baadaye. Kama tiba inaweza kungoja, panga tarehe baada ya Idi, wauguzi watakuelewa.

Nimepatwa na vumbi ninalolishuku. Nianze wapi?

Vua nguo, taratibu, usizipitishe usoni. Kata shati kuliko kulivua kichwani. Nguo peke yake huondoka na sehemu kubwa ya uchafu wa nje. Zitie kwenye mfuko, ufunge, uweke mbali. Oga kwa sabuni na maji vuguvugu bila ya kujisugua mpaka ngozi ichubuke, dodoki liache. Kama kuna watu wa kukupima karibu, waache wakupitishie pamba puani kwanza. Usile, usivute sigara, usijitapishe bila ya kuambiwa. Lakini mtu mwenye jeraha kubwa hutibiwa jeraha kwanza. Vumbi litangoja, damu haingoji.

Dawa hizi hufuta madhara yaliyokwishatokea?

Hapana. Hupunguza kitakachoendelea kuuchoma mwili kuanzia sasa.

Ninunue vidonge vya iodini niweke nyumbani?

Kwa nini? Kinu pekee cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi Afrika ni Koeberg, karibu na Cape Town, tangu 1984. Pesa hiyo nunua chandarua.

Mie nanunua vyuma chakavu. Nijihadhari na nini?

Wewe ndiye niliyekuwa nakungoja. Tafuta alama ya feni yenye mapanga matatu, nyeusi au zambarau juu ya manjano. Tangu 2007 kuna na nyingine: pembetatu nyekundu yenye mistari ya mionzi, fuvu na mtu anayekimbia. Lakini alama hubanduka, kwa hiyo shuku pia kichuma kidogo chenye uzito usiolingana na umbo lake, au kilichofunikwa kwa madini ya risasi, hasa kikitoka hospitali au kwa wajenzi wa barabara. Usikikate, usikigonge, usikiweke chini ya kitanda. Ondoka hatua nyingi, wazuie watoto, waite polisi na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo ina ofisi Zanzibar. Na tafadhali, mmoja aliwahi kutaka kunifanyia hivi: usikitie kwenye mkoba ukapanda nacho daladala kuja kunionyesha.